Chukua Bisibisi, Fungua Hiyo Monita

Una monita imekaa juu ya kabati. Ukiiwasha, picha inatokea sekunde mbili, kisha giza, na kile kitaa kidogo cha pembeni kinaendelea kuwaka kama kawaida. Umeshaambiwa imekufa, tafuta hela ununue nyingine. Mimi nakuomba uishushe leo hii, uifute vumbi, uiweke mezani. Kwa dalili hiyo, kuna matumaini makubwa kwamba inapona, na mtu wa kuiponya ni wewe.

Yangu ilikuwa hivyohivyo. Sikusomea umeme. Nilikuwa na bisibisi ya nyota, tochi ya simu na uchungu wa kuambiwa kitu changu hakifai na mtu ambaye hata hakukifungua.

Kwanza badilisha waya wa umeme na kebo ya picha, maana mara nyingine ugonjwa wote uko hapo. Kisha zima taa za chumba, washa monita, ikishaingia giza mulika kioo kwa karibu, tochi ikiwa imelala upande. Ukiona picha ya kompyuta yako imefifia mle ndani, furahi! Kioo ni kizima, bodi ya picha ni nzima, kilichokosekana ni mwanga. Kioo cha LCD hakitoi mwanga chenyewe. Huangaziwa na taa zilizofichwa nyuma au pembeni yake. Katika monita za miaka ya 2000 taa hizo ni mirija myembamba ya floresenti inayodai volti mamia kadhaa, hata kupita elfu. Umeme ukiyumba, bodi huzikata ili kujilinda. Ndizo zile sekunde mbili zako.

Umeme huyumba kwa nini? Aghalabu kwa sababu ya kapasita, vile vikopo vidogo vilivyosimama kwenye bodi ya umeme kama matangi ya maji juu ya paa, vikihifadhi umeme na kuutoa kwa utulivu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kapasita mbovu zilienea duniani kote, zikaingia kwenye kompyuta na monita chungu nzima, na baadhi ya mashine hizo ndizo zilizotufikia sisi kama mitumba. Hata iliyo nzuri huchoshwa na joto.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa sitaki uwe shujaa. Chomoa plagi kwanza. Kwenye bodi hiyo kuna kapasita moja kubwa kuliko zote, mara nyingi imeandikwa volti 400 au 450. Umeme wa ukutani wa volti 230 ukishapita hapo unakuwa zaidi ya volti 300, na kapasita hiyo inaweza kuushika hata baada ya plagi kutoka. Kwa hiyo subiri, na ukishaifungua monita, kabla ya kugusa chochote, weka multimita kwenye volti za DC upime miguu yake miwili bila kuigusa kwa vidole. Ukikuta umeme, umalize kwa rezista ya omu 2,000 na wati 10, ukiishika kwa koleo lenye mpini wa plastiki kwa sekunde chache, halafu upime tena. Usiunganishe miguu kwa bisibisi. Na kama mashine yako ni ile ya kichogo kikubwa, yenye bomba la kioo, usiifungue kabisa: mle ndani kuna volti zaidi ya 20,000, na si mahali pa kujifunzia.

Ukishalishika hilo, hofu iweke pembeni. Laza monita kifudifudi juu ya blanketi. Toa skrubu za stendi, pitisha kadi ya benki iliyokwisha muda kwenye ufa wa fremu, usukume taratibu. Itatoa mlio wa kukatisha tamaa, ta! ta!, ukadhani umevunja. Hujavunja, ni vishikizo vinaachia. Piga picha kila hatua, na skrubu zitie kwenye trei ya mayai kwa mpangilio, jinsi ulivyozitoa.

Bodi ikionekana, pima kwanza ile kapasita kubwa kama nilivyosema, kisha angalia vichwa vya kapasita. Iliyo nzima ina kichwa bapa kama sarafu. Iliyokufa imeumuka kama andazi, pengine na ukoko wa kahawia umetokea juu au chini. Mimi niliziona tatu, zimepangana, na nikacheka peke yangu usiku. Ubovu ulionitesa miezi ulikuwa mbele ya macho yangu, mkubwa kama punje ya karanga!

Andika namba zake: mikrofaradi, volti, nyuzi joto. Nenda maduka ya spea, kama yale ya Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, uombe mikrofaradi zilezile, volti zilezile au zaidi, za nyuzi 105. Badilisha pia jirani zake zinazofanana, kwa kuwa nyingine huoza bila kuvimba. Bei yake ni ndogo mno ukiilinganisha na monita mpya.

Kulehemu kunaogopwa bure. Chukua bodi ya redio mbovu, choma na kuchomoa jioni nzima mpaka mkono uzoee. Pasha mguu na shaba ya bodi kwa pamoja, sekunde mbili au tatu, kisha gusisha risasi pale kwenye kiungo. Itayeyuka na kutulia kama kilima kidogo kinachong'aa. Mstari wa pembeni mwa kapasita ni upande wa hasi. Uangalie mara mbili, kwani ukiigeuza inaweza kupasuka. Fungua dirisha, na unawe mikono ukimaliza.

Rudisha kila kitu, funga, ndipo uchomeke. Washa. Hesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, nne. Picha ikibaki, iache iwake saa nzima, uwaite wa nyumbani waje waone. Ikizima, chomoa, pima, rudi kwenye picha zako, utazame kila kiungo upya. Na zile kapasita zilizovimba zitunze kwenye kopo: jirani yako naye ana monita juu ya kabati, na atataka kuziona kwa macho yake kabla hajakubali kushika bisibisi.