Kipi Kisomwe na Kipi Kidurusiwe

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Huulizwa mara nyingi barazani na baada ya darsa: mtu aliyekwisha kukhitimu kitabu, lililo bora kwake ni kufungua kingine, au ni kukirudia kile alichokisoma? Swali hili laonekana dogo, lakini ndani yake mna hesabu ya umri. Kwani vitabu havimaliziki, na umri humalizika. Na kila saa iliyopewa kitabu kimoja imenyimwa kingine.

Wako wasemao: aende mbele. Hoja yao ni kwamba Mtume s.a.w. aliamrishwa kuomba azidishiwe ilimu, na asimamaye hazidi. Wako na wasemao: adurusu, kwani ilimu hutoroka. Nao humtaja Muzani, mwanafunzi wa Imamu Shafi, aliyefariki mwaka 264 Hijri (878 M.). Imepokewa kwamba aliitalii Risala ya mwalimu wake kwa muda wa miaka 50, wala hakuirudia mara moja ila alipata faida asiyokuwa akiijua. Ikiwa hivyo ndivyo alivyokuwa mtu aliyesoma kwa Imamu mwenyewe, basi asemeje aliyepita katika kitabu mara moja, tena kwa haraka?

Hoja zote mbili ni za kweli, na zote mbili huweza kuharibiwa na nafsi. Aendaye mbele huenda akatafuta kusifiwa, si kujua. Na adurusuye huenda akakimbia taabu ya jambo jipya, akauita uvivu wake kuwa ni uthabiti.

Hebu na afikiriwe mtu ambaye rafuni mwake mmesimama majuzuu 10 ya Tuhfa ya Ibnu Hajar pamoja na hashiya zake, na kila mgeni aingiaye huyaona. Safina aliisoma utotoni, akaiacha kwa kuiona ni kitabu cha watoto. Siku moja baba yake akafa, naye ndiye mwana mkubwa, akatangulizwa kusalisha. Akaleta takbira ya tatu, kisha akanyamaza, hajui afuatishe nini. Baada ya takbira hiyo ndipo maiti huombewa dua, nayo ni nguzo. Mambo hayo yamo katika Safina, kitabu kidogo ambacho mtoto hukimaliza kwa miezi michache. Basi yale majuzuu 10 yalimfaa nini babake siku ile?

Na imesimuliwa juu ya Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijri (1111 M.), kwamba katika ujana wake alikuwa akirudi kwao Tus kutoka Jurjan, akavamiwa na wanyang'anyi njiani, wakachukua maandishi ya darsa zake. Akamfuata mkubwa wao akimsihi amrudishie, kwani ndiyo ilimu yake. Yule akamcheka: ni ilimu gani hiyo, ambayo mwizi akiichukua mwenyewe hubaki hana kitu? Kisha akamrudishia. Ghazali akalifahamu onyo, akakaa Tus miaka 3 akiyahifadhi yote aliyoyaandika.

Lakini asidhani mtu kwamba kudurusu peke yake kwatosha. Mfanya biashara aliyejua udhu na sala, kisha akaingia katika ushirika wa mali, akabaki na Safina yake tu, atakula haramu hali anasali vizuri. Kwake yeye mlango wa biashara na mlango wa zaka si ziada ya ilimu. Ni fardhi iliyomfikia, na kuichelewesha ni dhambi.

Basi kipimo si upya wa kitabu wala ukale wake. Kipimo ni amali. Ile amali aifanyayo mtu kila siku, kitabu chake kidurusiwe, hata kikiwa kidogo. Ile inayomkabili, kitabu chake ndicho kitangulie kusomwa: mlango wa saumu katika Shaabani kabla ya mwezi kuandama, mlango wa Haji kabla ya kupanda chombo, mlango wa nikahi kabla ya kuposa. Kisha ukibaki wakati, na ajisomee alipendalo, kwa mwalimu akimpata. Kwani bahari ni pana, na aliyejua kuogelea haogopi kwenda mbali.

Na mwenye kuona haya kuonekana na kitabu kidogo mkononi, na akumbuke kwamba kesho hataulizwa ni vingapi alivyovisoma. Ataulizwa juu ya ilimu yake, aliifanyia nini.

Wallahu aalam, na taufiki ni yake Yeye.