Mzee Aliyebadilika
Somo: Yohana 9:1–3



Wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, hawakuuliza atasaidiwaje. Walitaka kujua nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yesu hakukubali mtu yule ahukumiwe hivyo. Juma hili nawaomba tulitafakari swali lao kwa kuwatazama viumbe ambao hakuna awezaye kuwashtaki kwa dhambi: panya.

Chini ya ubongo wetu kuna mduara wa mishipa unaoitwa mduara wa Willis, kwa jina la daktari Mwingereza wa karne ya 17, Thomas Willis. Mshipa mmoja ukiziba, mara nyingi damu hupata njia upande wa pili. Lakini wako panya wadogo wa nyika za Mongolia ambao mduara wao haukukamilika, na sehemu ya mbele ya ubongo wao hutegemea mishipa miwili ya shingo. Mwaka 1982 mtafiti wa Japani, Takaaki Kirino, alieleza kinachotokea mishipa hiyo ikibanwa dakika 5 tu, kisha ikaachiwa. Damu inarudi. Siku ya kwanza seli zinaonekana kama zimenusurika. Siku ya 2 zinaanza kuharibika, na kufikia siku ya 4 nyingi zimekufa katika sehemu moja ya hipokampasi, eneo la ubongo linalohusika na kumbukumbu.

Mwenendo wao nao hubadilika. Panya mzima akiwekwa mahali pageni hukimbia huku na huko, hunusa kila kona, halafu hutulia kwa kuwa amekwisha kupazoea. Yule aliyekosa damu hatulii. Anazunguka, anairudia kona ile ile kana kwamba hajawahi kufika hapo. Anayemtazama kwa nje atasema huyu ana nguvu kuliko mwenzake. Kumbe ubongo wake umejeruhiwa.

Panya hawa hawakujitolea kwa hiari. Tukishapewa elimu kwa gharama ya maisha yao, kuipuuza ni kukosa shukrani mbele ya Muumba wao na wetu.

Sasa mfikirieni mzee ambaye zamani alikuwa wa kwanza kufika ibadani. Siku hizi anainuka katikati ya mahubiri, anakwenda mlangoni, anarudi, anainuka tena. Nyumbani anafungua kabati lile lile mara kwa mara, na akiulizwa anatafuta nini, anafoka. Hatua zake zimekuwa fupi, anaburuta miguu. Majirani wanasema amerogwa. Wakwe wanasema anafanya makusudi. Naumia sana nionapo mzee wa namna hii akishikwa mikono na kukemewa pepo mbele ya watu, ilhali hakuna aliyewahi kumpima presha.

Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote. Presha ya miaka mingi, kisukari na sigara huiharibu mishipa yake midogo kimyakimya, na mtu hubadilika mwendo, kumbukumbu na hata hasira zake. Ni kweli, panya si mtu, na si kila badiliko la mzee linatokana na damu. Kazi ya kutofautisha ni ya daktari. Kazi yetu ni kuomba pamoja naye, kumwita kwa jina lake, na kuacha kumtafutia dhambi.

Basi, kama kwenu yuko mzee aliyebadilika tabia au mwendo, mpelekeni kituo cha afya juma hili, naye apimwe presha na sukari. Na mdomo ukipinda ghafla, mkono ukilegea au maneno yakimkwama, msingoje ibada iishe wala mchungaji afike. Mpelekeni hospitali saa ile ile.