Hesabu ya Wengi, Damu ya Mmoja

Mwaka 2017 Mkoa wa Pwani, Tanzania, uliishi kwa hofu. Viongozi wa vijiji waliuawa Kibiti, Rufiji na Mkuranga, na Aprili 13 askari polisi wanane wakauawa kwa mpigo huko Mkengeni. Serikali ikaanzisha Kanda Maalumu ya Kipolisi Rufiji, na ilikuwa lazima ichukue hatua. Lakini je, wingi wa uhalifu mahali fulani unampunguzia haki kijana wa Kindengereko au Kizaramo, awe wa Kibiti au wa Kibuta huku Kisarawe, ambaye hajajulikana kutenda lolote? Nasema haumpunguzii hata chembe. Takwimu inaweza kumwonyesha kamanda pa kuweka doria. Haiwezi kumwambia askari nani apigwe risasi.

Watajibu kwamba askari ana sekunde chache tu za kuamua. Ni kweli, na wale wanane nao walikuwa wana wa watu. Ila sheria tayari inamruhusu kujikinga na silaha iliyo mbele yake. Haimruhusu kujikinga na kabila, lafudhi au kanzu. Wengine huleta hesabu: Marekani, Weusi ni kama asilimia 13 ya watu lakini karibu robo ya wanaouawa na polisi, na wapo wanaosema pengo hilo linaelezwa na takwimu za uhalifu. Tuulize basi, nani huandika takwimu za waliokamatwa na waliouawa? Hapa kwetu, Januari 2006 wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge na dereva wao wa teksi waliuawa katika msitu wa Pande, polisi wakatangaza kwamba ni majambazi waliokufa katika mapambano. Tume ya Jaji Mussa Kipenka, iliyoundwa na Rais Kikwete, ikabaini kwamba hawakuwa majambazi. Mahakama Kuu iliwaachia polisi walioshtakiwa kwa mauaji hayo mwaka 2009, na mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ikamtia hatiani ofisa mmoja. Bila tume ile, marehemu wangebaki vitabuni kama majambazi wanne, na idadi hiyo ingetumika kuhalalisha risasi nyingine.

Kurani na Kitabu cha Ezekieli vinakubaliana kwamba mtu habebi dhambi ya mwenziwe, na Ibara ya 13 ya Katiba yetu inakataza kumtendea mshtakiwa kama mkosaji kabla hatia yake haijathibitishwa. Kwa hiyo kila kifo kilichotokana na nguvu ya polisi kichunguzwe na chombo kisicho cha polisi, na matokeo yasomwe hadharani.