Michezo Miwili

Mke wangu anacheza mchezo. Wako wanawake 12 wa mtaani kwetu, kila mmoja anatoa shilingi 50,000 kwa mwezi, na kila mwezi mmoja wao anapokea 600,000. Mwanzoni mwa mwaka walikunja vikaratasi, wakavitia kwenye bakuli, kila mmoja akaokota chake ili ajue atapokea lini. Mama Salma aliokota namba 9. Hakulalamika. Septemba ingefika tu, na pesa yake ilikuwa imeshapangiwa kazi: kodi ya nyumba.

Mimi nami nilikuwa nacheza mchezo. Wangu ulikuwa ndani ya simu, mchezo wa mpira wa miguu, na kuupakua ni bure. Nilianza kuucheza nikisubiri daladala asubuhi. Wiki tatu za kwanza sikutoa hata shilingi. Kisha nikaanza kufungwa na watu wenye vikosi vizuri kuliko changu, na nikajua kwamba wachezaji wakubwa hawauzwi. Kinachouzwa ni sarafu za humo ndani. Sarafu zinanunua boksi, na ukishalifungua boksi ndipo unajua nani yumo. Taa za uwanja zinawaka, muziki unapanda, mlango unafunguka polepole. Mara nyingi anatoka mtu usiyemhitaji.

Mwezi Juni laini ya Mama Salma ilikuwa na hitilafu. Akanipa mchango wake, 50,000 taslimu, niuweke kwenye simu yangu nimtumie kijumbe. Nikauweka. Usiku huo kulikuwa na boksi lililobakiza saa 6 kabla ya kuondolewa, na ndani yake yumo mshambuliaji niliyemtaka tangu mwezi Machi. Nikanunua sarafu za 5,000. Nikanunua tena. Nikanunua mara ya tatu. Hakutoka. Zilibaki 35,000, na kujazia 15,000 kulinichukua siku tatu. Katika siku hizo tatu, mama aliyekuwa zamu yake kupokea alikuwa na mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa ajili ya ada. Kijumbe akampigia mke wangu. Nilimsikia akijibu, "Mume wangu amepitiwa tu, mnisamehe sana." Alisema uongo bila kujua kwamba anasema uongo, na uongo wenyewe ulikuwa wangu.

Ndipo nikaomba taarifa ya miamala. Nilihesabu ununuzi 94 ndani ya miezi saba: 67 wa shilingi 5,000 na 27 wa shilingi 10,000. Jumla 605,000. Ni mchezo mzima wa Mama Salma, na chenji juu.

Je, niliibiwa? Nimelijadili swali hili na nafsi yangu kwa muda mrefu. Hakuna aliyenishika mkono. Hata uwezekano wa kumpata yule mshambuliaji ulikuwa umeandikwa: asilimia 1. Niliisoma namba hiyo nikaielewa vibaya, nikadhani nikijaribu mara 100 nitampata. Hesabu haisemi hivyo. Watu 100 wakijaribu mara 100 kila mmoja, kama 37 kati yao hawatampata hata mara moja. Lakini kutojua hesabu si kuibiwa.

Kinachonisumbua ni ridhaa. Nilikubali kutoa 5,000, na nilikubali kweli, mara 67. Ila hakuna siku hata moja niliyokubali kutoa 605,000. Mtu angenifuata na bei hiyo siku ya kwanza kituoni, ningemcheka. Mchezo ule umetengenezwa ili swali hilo lisiulizwe kamwe. Pesa inageuzwa sarafu ili isifanane na pesa, na sarafu zinauzwa kwa mafungu yasiyolingana na bei ya boksi, ili kila mara zibaki chache zinazokuita ununue nyingine.

Japani, ambako mtindo huu ulipata jina kutokana na mashine za barabarani zinazotoa vidoli usivyovichagua, serikali mwaka 2012 ilizuia aina yake moja, ile ya kukulazimisha ukusanye seti nzima ndipo upate zawadi kubwa. Ubelgiji mwaka 2018 ilisema maboksi ya kulipia ni kamari. Uingereza mwaka 2022 iliamua kutoyaingiza kwenye sheria yake ya kamari. Hoja inayotumika sana kuyatetea ni kwamba kilichomo hakiwezi kugeuzwa pesa. Nimeifikiria hoja hiyo nikimtazama jirani yangu anayebeti. Mkeka wake ukichanika, anajua amecheza kamari. Siku moja moja unatiki, analipwa. Mimi nikishinda nilipata picha ya mtu nisiyeweza kumuuza. Kwa hiyo kinachonitoa kwenye kundi la wacheza kamari ni kwamba hata nikishinda siondoki na kitu.

Kuna jambo jingine. Wafanyabiashara wa michezo hii wana jina la mtu anayelipa sana: nyangumi, neno lililotoka kwenye kasino. Wengi wanacheza bure, wachache ndio wanaoibeba gharama. Maana yake zile wiki tatu nilizocheza bure, kuna mtu mahali fulani alikuwa ananilipia, pengine kwa ada ya mwanawe. Sikumfikiria. Baadaye mtu huyo nikawa mimi, na hakuna aliyenifikiria.

Mchezo wa mke wangu nao una bahati ndani yake, ile ya vikaratasi. Lakini bahati yao inaamua lini, haiamui kama utapata. Na mmoja akichelewa, kuna mtu anayepiga simu kuuliza kuna nini. Nilipokuwa nazama, simu yangu ilinitumia ujumbe pia. Ulisema nimepewa punguzo la sarafu.

Nilimweleza Mama Salma usiku, Salma akiwa amelala. Nilimpa taarifa ya miamala, akaisoma ukurasa kwa ukurasa bila kusema. Tulikubaliana kwamba mchango wake kwa kijumbe nitautoa mimi kwenye mshahara wangu, miezi 12, hadi deni liishe. Kisha akaniuliza, "Na huyo mchezaji, Baba Salma, ulimpata?"

Nikamwambia nilimpata, mwezi Julai.

"Hebu nimwone."

Nikafungua simu. Msimu mpya ulikuwa umeanza, na yule wangu alikuwa ameshapitwa, nimemweka benchi. Juu yake kulikuwa na tangazo la boksi jipya, na ndani yake yumo yeye yuleyule, jezi mpya, namba kubwa zaidi. Mama Salma alimtazama kwa muda, akanirudishia simu.