KUZUIA SUMU MITONI NI KATIKA DINI

 

Katika darsa yetu tuliulizwa suala hili: Mtu akaaye Nyatike, chini ya mahali pachimbwapo dhahabu, je, yafaa atawadhe kwa maji ya Mto Kuja? Tulijibu kwa ufupi siku ile. Leo twataka kulieleza kwa upana, kwani suala lenyewe ni kubwa kuliko udhu.

Ama udhu, wanazuoni wa madhehebu yetu ya Imam Shafi (R.A.) wamesema kwamba maji yakibadilika kwa udongo hayatoki katika kuwa maji mutlaki, basi tope la mto halizuii udhu. Na zebaki yenyewe si najisi. Walakin mtu aliyeyakinisha kwamba maji fulani yatamdhuru, si halali kwake kuyatumia. Najisi ni jambo moja, na sumu ni jambo jingine. Wengi wetu tuna hadhari kubwa na tone la mkojo ndani ya ndoo, wala hatuna hadhari yoyote na zebaki. Huku ni kusoma nusu ya mlango wa tahara na kuiacha nusu.

Natuitazame kazi yenyewe ilivyo huko Macalder, Osiri, Masara na kwingineko katika Kaunti ya Migori. Mawe hutolewa shimoni, yakasagwa kwa mashine, na unga wake ukaoshwa juu ya magunia yaliyotandazwa. Kisha unga huo huchanganywa na zebaki katika karai, mara nyingi na akina mama, kwa mikono mitupu. Zebaki hushikamana na dhahabu. Donge likaminywa kwa kitambaa, likachomwa motoni mpaka zebaki ikaruka kuwa mvuke. Anayechoma huuvuta mvuke huo, na mtoto aliye karibu naye huuvuta pia. Mchanga uliobakia huuzwa kwa wenye mabirika ya sianidi, ili itolewe dhahabu iliyosalia. Mvua ikinyesha, mabaki huteremka mtoni, na mto huingia ziwani.

Zebaki ikikaa majini hugeuzwa na vijidudu vya topeni ikawa ya namna iingiayo mwilini mwa samaki. Mdogo huliwa na mkubwa, na kila mlaji hukusanya sumu ya wale aliowala, mpaka ifike kwa mama mja mzito, na kwake ipite kwa mtoto aliye tumboni. Ugonjwa wa namna hii ulitambuliwa Minamata, nchi ya Japani, mwaka 1956, na watoto walizaliwa na vilema na watu wakapotewa na akili na viungo. Basi asiseme mtu wa Mbita au wa mji wa Homa Bay kwamba hii ni habari ya Migori. Mipaka ya kaunti imechorwa juu ya karatasi, wala samaki hawaisomi.

Jambo hili halijulikani kwa macho wala kwa ulimi. Maji yaweza kuwa meupe nayo yana sumu, na yaweza kuwa ya tope nayo ni salama. Lajulikana kwa kipimo tu. Na hapa ndipo tunapofika katika hisba.

Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) alipita sokoni akaona chungu ya chakula, akatia mkono wake ndani, vidole vikakuta umaji. Mwenye mali akatoa udhuru wa mvua. Mtume akamuuliza mbona hakuuweka ule wa maji juu watu wauone, kisha akamwambia kwamba mwenye kughushi si katika yeye. Wazingatie kisa hiki wakaguzi wote. Juu palikuwa pakavu! Lau angalitazama juu tu, angalipita akaridhika.

Imam Al-Mawardi, aliyefariki mwaka 450 Hijria (1058), amebainisha katika Al-Ahkam al-Sultaniyya kwamba yule aliyetawazwa kwa kazi ya hisba ni wajibu wake khasa, na ni juu yake kuyatafuta maovu ya dhahiri, wala asingoje mpaka ashitakiwe. Nchi yetu nayo ina sharia mfano wa hii. Sharia ya Mazingira ya mwaka 1999 imeisimamisha NEMA, na mwenye mradi mkubwa hapewi leseni mpaka athari zake zichunguzwe. Kisha ni juu yake kukaguliwa mara kwa mara. Na kila kaunti ina Kamati yake ya Mazingira. Kenya imeridhia pia Mkataba wa Minamata mwaka 2023, nao wataka kukomeshwa uchomaji wa zebaki katika makazi ya watu, na utiaji wa sianidi katika mchanga ambao haujaondolewa zebaki.

Hizi ni sharia njema. Ila twaona pana ufa: mtaalamu aandikaye ripoti ya ukaguzi hulipwa na mwenye mradi mwenyewe. Kadhi gani atamkubali shahidi aliyelipwa na mmoja wa wagombanao? Basi ni lazima afisa aende mwenyewe, achote maji mwenyewe, tena siku asiyotazamiwa. Afisa aisomaye ripoti mezani ameiona juu ya chungu tu. Na akipokea bahasha, basi amekwisha kujua kwamba Mtume (S.A.W.) amemlaani mwenye kutoa rushwa na mwenye kuipokea.

Wako watakaosema: "Sheikh, mnawakatia maskini riziki." La! Kiko chombo chenye kifuniko na bomba, ambacho huunasa mvuke na kuirudisha zebaki itumiwe tena. Bei yake si kubwa mbele ya bei ya figo. Mchimbaji tunamhurumia. Tusiyemhurumia ni mfanyabiashara amwuziaye zebaki katika vichupa naye ajua itendalo, kisha Ijumaa akakaa safu ya mbele. Na wapo kati yetu. Na sisi wenye misikiti na madrasa tujiulize kabla ya kuzipokea sadaka zao. Jambo hili lilizungumzwa katika darsa, na baadhi ya ndugu walikasirika, kwa kuwa paa lile la bati walijua limetoka wapi. Kasirikeni, walakin jibuni.

Wengine, magonjwa yakizidi, hukimbilia kufanya khitma na kuchinja mtoni. Kumwomba Mwenyezi Mungu ni ibada. Kumwomba aiondoe sumu ambayo kesho utaimwaga tena ni mchezo.

Na raia asiye na cheo afanye nini? Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 42, imempa kila mtu haki ya mazingira safi. Na kifungu cha 70 chamruhusu kwenda mahakamani pasi na kulazimika kuthibitisha kwamba yeye au mtu mwingine amekwisha kudhurika. Basi msingoje maiti. Aonaye mabirika ya sianidi ukingoni mwa mto aandike mahali, siku na alichokiona kwa macho yake, bila kuzidisha wala kusingizia, apeleke kwa afisa wa NEMA wa kaunti na abaki na nakala. Asiyejua kuandika na aje darsani Alkhamisi baada ya Isha. Tutamwandikia, na tutakwenda pamoja naye.

Wallahu aalam.