Nyota Isiyohama

Wazazi wengi husema: «Mtoto akikua atajua njia mwenyewe. Nani amfundishaye ndege safari yake?» Je, maneno hayo ni kweli? Wapenzi wasomaji, tuyapime.

Huko Marekani yuko ndege mdogo ambaye wenye elimu humwita Passerina cyanea. Uzito wake ni kama gramu 14. Wakati wa kuzaa, dume huwa na rangi ya buluu. Jike ni wa kahawia. Hukaa kandokando ya misitu, katika vichaka na mashamba yaliyoachwa, akila mbegu na wadudu. Baridi ikikaribia, huhamia Meksiko, Amerika ya Kati na visiwa vya Karibi. Husafiri usiku, akiongozwa na nyota.

Sasa, kinda huzaliwa akizijua nyota? Bwana Stephen Emlen, mtaalamu wa Marekani, alilea makinda kwa mkono, akawagawa mafungu matatu. Wa kwanza hawakuonyeshwa nyota kabisa. Wa pili walionyeshwa, ndani ya chumba, anga ya kutengenezwa ambayo nyota zake zilizunguka Nyota ya Kaskazini, kama zilivyo kweli. Wa tatu walionyeshwa anga ya uwongo: nyota zote zilizunguka Betelgeuse, nyota nyingine kabisa.

Mwaka 1970 alitangaza aliyoyaona. Siku za safari zilipofika, wa kwanza walirukaruka ovyo, bila upande. Wa pili walielekea kusini. Wa tatu waliipa Betelgeuse mgongo, kana kwamba huko ndiko kaskazini.

Tuangalie vema. Hamu ya safari ilitoka ndani yao. Njia walijifunza wangali makinda. Hao wa tatu hawakuwa wakaidi. Walifuata kwa uaminifu anga waliyoonyeshwa. Tena kinda hachagui nyota ing'aayo kupita zote. Hushika mahali pale pasipohama, ambapo nyingine zote hupazunguka.

Mtoto wetu naye ana hamu ya kuondoka: kwenda shule, mjini, migodini. Lakini kwanza hukaa nasi miaka mingi, akitazama mambo ya nyumba yanazunguka nini. Baba akisifu ukweli, kisha akamdanganya mdai wake mlangoni, mtoto ameona. Mama akimkaribisha tajiri na kumfukuza mjane, mtoto ameona. Ikiwa yote huzunguka feza, feza itakuwa kaskazini yake.

Basi, mtoto akipotea hana hatia? Hapana. Mtu ana akili na hiari. Aweza kuuliza njia, aweza kugeuka. Matendo yake atayajibia mwenyewe. Lakini sisi nasi tutajibia anga tuliyomwonyesha.

Kwa hiyo tusiseme tena: «Atajua mwenyewe.» Jioni, watoto wakiota moto pamoja nasi, tujiulize: katika nyumba hii, ni kitu gani kisichohama?