Je, Mgonjwa Ajitunzaye Amepungukiwa na Tawakali?

Yako maneno yasemwayo barazani na majumbani mwetu ambayo twaona ni wajibu kuyapima. Mtu mwenye ugonjwa wa sukari akikataa kaimati alizoandaliwa, huambiwa: "Acha wasiwasi, bwana. Ajali imekwisha andikwa." Msemaji hukusudia kumliwaza, lakini ndani ya liwazo hilo mna fundisho, nalo ni kwamba mwenye kujitunza hamtegemei Mola wake. Je, fundisho hilo ni la kweli?

Kwanza tuufahamu ugonjwa wenyewe. Kuna maradhi yajayo yakaenda, kama homa. Mtu hutumia dawa siku chache akapona. Sukari haimo katika hesabu hiyo. Ikisha kuingia, aghlabu hukaa na mtu umri wake wote, na mara nyingi huandamana na shinikizo la damu. Isipotunzwa hudhuru macho, figo, moyo na mishipa ya fahamu. Mguu uliokufa ganzi hausikii msumari wala kiatu kinachobana. Kidonda huanza bila ya uchungu, na mwenyewe hana habari, hata ifike siku ambayo tabibu hana budi ila kuukata.

Kwa ugonjwa wa namna hii, subira si kukaa kitako na kungoja. Subira yake ni ya kila siku, nayo hutendwa kwa mambo madogo: kutumia dawa kwa wakati wake, kupima na kuandika kipimo daftarini, kupunguza wali na mahamri, kuacha sukari katika chai, kutembea kwa miguu. Kila moja ni dogo hata mtu hulidharau. Lakini Mtume wetu (S.A.W.) ametufunza kwamba amali ipendezayo mno ni ile idumuyo, japo iwe ndogo. Naye ndiye aliyemwagiza mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha ategemee. Wala hakumwambia kuwa kamba ni upungufu wa imani.

Tena mwendo wa siku zetu wenyewe wamsaidia mgonjwa. Katika mwambao huu ulio karibu na Ikweta, nyakati za sala hazibadiliki sana mwaka mzima. Basi mwenye kusahau dawa na aifungamanishe na sala iliyo karibu na wakati aliopewa na daktari. Na aoshapo miguu katika udhu, atazame nyayo na baina ya vidole, kisha akaushe vyema. Asiyeona vizuri atazamiwe na mwanawe.

Mtihani mkubwa ni Ramadhani. Wako wagonjwa wafungao kwa kuona haya, wakichelea watu watasema nini. Suratul Baqara, aya ya 184 na ya 185, imempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine. Na asiyetarajiwa kuweza kufunga tena hutoa fidia. Wengine wenye sukari huweza kufunga na wengine hawawezi. Basi neno la tabibu na litafutwe kabla ya mwezi kuandama. Ama atumiaye insulini akishikwa na kutetemeka, jasho na kuchanganyikiwa mchana, hiyo yaweza kuwa ni sukari iliyoshuka. Na afungue pale pale kwa kitu kitamu, asingoje Magharibi. Kuikataa ruhusa ya Mola kwa kuogopa ulimi wa jirani si uchamungu.

Pengine msomaji atasema: "Mbona wako wazee waliokula halua maisha yao yote wakafika uzeeni?" Tutamjibu: twawahesabu waliobaki barazani, na waliokwisha kuzikwa hatuwahesabu. Kabla ya mwaka 1922, mgonjwa wa kwanza alipotiwa insulini mjini Toronto, mtoto aliyepatwa na sukari ya kukosa insulini aghlabu hakuishi ila muda mchache. Leo watoto kama hao hukua, wakaoa na kuolewa. Ikiwa ugonjwa ni kadari, dawa nayo ni kadari. Kwa nini basi tuikubali moja na kuikataa ya pili?

Hata hivyo, mgonjwa asigeuzwe mshitakiwa. Yuko ajitunzaye kwa bidii na hali yake ikazidi kuwa nzito. Na yuko achokaye siku moja, kwani kazi isiyo na likizo humchosha kila mtu. Wa namna hii hahitaji lawama bali mkono. Jamaa wamsaidie kununua dawa. Nyumba nzima ile chakula kimfaacho, asitengwe na sahani yake. Na mwenyeji asimlazimishe mgeni kula kitu kimdhurucho, kisha akakiita ukarimu.

Mwili ni amana, na amana hulindwa kila siku mpaka Mwenyewe atakapoitaka. Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, na sisi tulio wazima atujaalie kuwa wepesi wa msaada kuliko maneno. Amin.